Kutafuta samaki chini ya barafu: mambo baba mudogo alinifundisha kwa simu

Tangu nirudi Bukavu watu wa hapa Nguba wananiuliza swali moja tu, eti ni kweli kule Canada nilikuwa natembea juu ya maji, natoboa shimo, natoa samaki? Ni kweli kabisa. Nilikaa Winnipeg miaka 7, na ile miaka 5 ya mwisho kila wakati wa baridi nilikuwa kwenye barafu, na mutu alinifundisha zaidi ni baba yangu mudogo, ambaye barafu yeye anajua ile ya ndani ya frigo tu. Naandika juu kuko ndugu zetu wengi walipelekwa kule kutoka kambi za Burundi, Uganda na Tanzania, na wengine walizaliwa kando ya Kivu ao ya Tanganyika, mikono yao inajua kazi ya maji, halafu wanafika kule wanakuta maji imefungwa sawa mulango na wanafikiri ile kazi yao haina maana tena. Iko na maana, tena sana.

Kwanza mujue pale ni mahali gani. Kuko muto unaitwa Red River, unatoka Marekani na unapanda kaskazini, unapita katikati ya muji wa Winnipeg, unapita Lockport mahali kuko barraji ya mwaka 1910, unapita Selkirk, halafu unaingia ndani ya matete mengi sana, vidimbwi na mifereji, mahali panaitwa Netley-Libau, na kutoka pale unamwagika mu Ziwa Winnipeg. Hili ziwa ni kubwa karibu mara 9 kuliko Kivu yetu lakini halina kina. Kivu inashuka zaidi ya metre 480, lile la kwao kwa wastani ni metre 12 hivi, na upande wa kusini mahali muto unaingilia ni chini ya pale. Maji ni ya udongo, rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa 1 baridi inafika -30, barafu inakuwa nene mpaka magari inapita juu yake, watu wanajenga vijumba vya mbao pale juu na wanaweka shofaji ndani.

Baridi yangu ya kwanza ya uvuvi muzee mumoja tulikuwa tunafanya naye kazi alinikopesha keekee ya kutoboa barafu na kafimbo kafupi ka kuvulia, akanionyesha kighuba kimoja ndani ya matete, kimetulia, hakina upepo, mahali pazuri kwa macho. Nikatoboa shimo moja. Nikakaa. Kila juma la pili siku ya posho nilikuwa naenda pale pale, kwenye lile shimo lile lile karibu, juu nilifikiri uvuvi wa barafu ni uvumilivu. Mwezi wa 1 wote nilipata samaki wawili wadogo sawa kidole. Na kwa mbali nilikuwa naona watu wengine wanatoboa, wanaangalia kidogo, wanahama, wanatoboa tena, nikawa nasema wale hawana roho ya kungoja.

Siku moja nikiwa pale pale juu ya barafu nikamupigia baba mudogo video. Yeye alivua sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, zaidi ya miaka 30, kwanza kwenye kighuba cha Kabuno kule karibu na Sake halafu hapa Bukavu, kwenye zile pirogi tatu zinafungwa pamoja na miti mirefu ya kushikia wavu. Nikamuonyesha shimo. Akacheka kwa furaha kwanza, akaita majirani waone, halafu akanyamaza akaangalia muzuri.

"Hapo kuko pima ngapi?"

Nikasema sijui baba.

"Na maji inatembea ao imelala?"

Nikasema sijui, si iko chini ya barafu.

"Mwanangu, sasa unavua nini? Wewe umekaa juu ya nyumba ya mutu, haujui kama mwenyewe iko ndani ao alihama. Jua kwanza maji. Samaki wewe unamutafuta mwisho."

Ile maneno iliniuma kidogo lakini alikuwa na haki. Kuko kitu mutu wa Kivu anajua na mutu wa maziwa mengine pengine hajui: hii ziwa yetu ni hai kwa juu tu. Chini, kuanzia metre 60 hivi wakati wa kiangazi upepo ukiwa umevuruga muzuri, na hata metre 30 wakati wa mvua, hakuna hewa, kuko gazi, hakuna samaki anaishi pale. Kule Kabuno ni mubaya zaidi, ukipita metre 10 ao 11 maji imekufa. Njo maana wavuvi wa sambaza hawashangae ukubwa wa ziwa. Wao wanajua wanafanya kazi kwenye blanketi nyembamba ya maji hai, na swali lao la kwanza kila usiku ni hewa iko wapi na chakula iko wapi. Baba mudogo hakusoma hii mahali, alijua kwa nyavu, wavu ukishuka sana unarudi mutupu, tena wakati ingine unarudi na harufu.

Basi nilianza upya. Alinituma nipime. Hapa wavuvi wanapima kamba kwa mikono, unafungua mikono yote miwili, kutoka ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole, hiyo ni pima moja. Nilifunga risasi, ile nzito ya kuzamisha uzi, kwenye uzi, chini ya ile risasi kulikuwa katundu, nikajaza sabuni ndani ili ikigusa chini ilete alama ya udongo. Nikaacha kungoja, nikatoboa mashimo 12 kwenye musitari moja kuanzia ukingo wa matete kwenda katikati, hatua 10 hatua 10. Kila shimo nilishusha risasi, nikapima, nikaangalia sabuni. Kwenye kighuba changu kipendwa kulikuwa metre moja tu ya maji chini ya barafu, na sabuni ilirudi na matope nyeusi laini yenye kunuka. Mbele kidogo metre moja na nusu, matope vile vile. Halafu shimo la 9 ghafla metre tatu, na risasi ilileta muchanga. Na uzi haukushuka wima, uliinama. Pale njo nilijua kuko mufereji, ule muto mudogo wa zamani unaendelea kutembea kwa chini hata kama juu yote ni nyeupe na sawa sawa kama meza.

Nieleze kidogo hii ya kuinama, juu ilinisaidia kuliko mashine yoyote. (Kuko mashine za kuonea samaki, ni nzuri, baadaye nilinunua moja ya okazio, lakini mashine haitakuambia maji inatoka wapi.) Ukishusha kitu chepesi na uzi ukabaki wima, maji imelala. Uzi ukienda upande moja, maji inatembea na umejua inaenda wapi. Uzi ukivutwa kwa nguvu mpaka risasi haigusi chini, pale ni kwa nguvu sana, samaki hatakaa, atachoka bure. Wakati wa baridi samaki damu yake ni baridi sawa maji, anakula kidogo, anatembea kidogo, hawezi kupigana na muto muchana kutwa. Anataka mahali pembeni, maji ya mwendo ikipita karibu na yeye inamuletea hewa na visamaki vidogo, yeye akiwa amejificha nyuma ya kitu ao kwenye ukingo wa shimo. Njo pale, kwenye mupaka wa maji yenye kutembea na maji yenye kulala, karibu samaki wangu wote nilipata kwenye ule mupaka.

Watu wanasema samaki wa baridi wanashuka chini kwenye joto. Kwa ziwa lenye kina ni kweli, maji ya 4°C njo nzito kuliko zote kwa hiyo inakaa chini, na ile ya karibu 0 inabaki juu karibu na barafu. Lakini kwa maji ya kina kifupi ambayo muto unaingia na kuchanganya, hakuna ile ngazi, juu na chini ni baridi ile ile. Kwa hiyo ukikimbilia shimo refu juu tu ni refu unaweza kukosa. Mi nilikosa vile mara mingi.

Sasa ile kighuba. Hii njo sehemu naipenda kueleza na inaniuma pia. Mwezi wa 12 kilikuwa na samaki, kweli, ule muzee hakudanganya, majani ya maji ilikuwa bado kijani kidogo na visamaki vinajificha ndani yake. Lakini theluji ikishaanguka nyingi juu ya barafu, mwangaza haushuki tena, majani yanakufa, yanaoza, na kitu chenye kuoza kinakula hewa ya maji. Hakuna upepo wa kurudisha hewa juu barafu imefunga kila mahali. Mwezi wa 2 mwaka wa pili nilirudi pale na kijana mumoja wa Uvira tulisali naye. Tulitoboa shimo, na keekee ilipotoka maji ikapanda na harufu ya mayai mabovu. Tukanyamaza. Baada ya dakika chache visamaki vidogo vikaanza kuja kwenye shimo, vingi, vinasimama na midomo juu vinatafuta hewa, vingine tayari viko kwa upande. Ule kijana aliniuliza kama ni baraka, tuchukue na ndoo. Mi nikamupigia baba mudogo nikamuonyesha. Aliangalia sana.

"Hiyo ni mazuku," akasema. "Mazuku ya maji. Mutoke hapo, muende kule maji mapya inaingilia."

Mutu wa Goma ao wa Sake hauhitaji kumueleza mazuku, ile gazi inalala kwenye mabonde usiku na inaua mbuzi na watu bila kelele. Si gazi ile ile, lakini neno lile lilinifanya nielewe haraka kuliko maelezo yote ya vitabu. Tulitembea karibu kilometre moja na nusu tukikokota vitu vyetu ndani ya beseni refu ya plastiki, mpaka mahali kijito kinaingia, na kutoka siku ile sheria yangu ikawa hii: mwanzo wa baridi matete na vighuba ni sawa, katikati na mwisho wa baridi fuata maji yenye kuingia.

Lakini hapa sharti niseme kwa nguvu zote, juu hii sheria inaweza kuua mutu. Mahali samaki anapenda, maji inatembea, na mahali maji inatembea barafu ni nyembamba. Vyote viwili vinatoka kwa sababu moja. Siku ile ile ya kijito niliweka muguu mahali theluji ilikuwa imefunika muzuri, na muguu ukaingia mpaka kwenye goti, maji ikajaa buti, na nilianguka nyuma juu ya barafu ngumu, Mungu alisaidia nilikuwa nimejibeba kwa nyuma. Ule kijana alinivuta kwa kamba ya beseni. Tulikimbia kwenye kijumba cha watu tusiowajua, walifungua mara moja, wakanivua buti, wakaniweka karibu na shofaji bila kuniuliza jina. Kwa baridi ya -25 muguu wenye maji una dakika chache tu.

Toka pale sikutembea tena bila mutalimbo. Unapiga mbele yako mara mbili pale utaweka muguu, sauti ya barafu nzuri ni kavu na ngumu, ile mbaya inaitika sawa ngoma yenye kulegea, na mutalimbo ukipenya kwa pigo moja ao mawili unarudi kwa nyayo zako mwenyewe. Kule wanafundisha 10 cm ya barafu safi kwa mutu wa miguu, kwa gari ndogo 30 cm hivi, lakini hiyo ni barafu ile ya bluu yenye kuangaza, ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni nusu tu, na juu ya muto usiamini namba, pima tena na tena. Theluji nayo inadanganya, ni sawa blanketi, inazuia baridi kushuka kwa hiyo chini yake barafu haikui. Nilivaa pia shingoni misumari miwili yenye vishikio vya mbao, ukizama unachoma barafu nayo ujivute, unapiga miguu nyuma sawa unaogelea, na ukitoka usisimame, ujiviringishe. Mama yangu alipoona ile misumari kwenye video alilia. Ndugu zangu mulio kule, kama mutasoma aya moja tu ya haya yote, musome hii.

Samaki mwenyewe ambaye kila mutu anamutafuta pale ni walleye, watu wa Manitoba, lile jimbo la Winnipeg, wanamuita pickerel. Macho yake ni makubwa na yanaangaza sawa ya paka usiku, juu anaona muzuri kwenye giza na kwenye maji chafu, na njo silaha yake: visamaki vingine havioni, yeye anaona. Kwa hiyo anakula alfajiri na jioni, ile saa mbili za mwisho za mwangaza njo saa zake. Baba mudogo aliponiambia niweke taa juu ya shimo sawa tunavyofanya kwa sambaza, nilimutii, nikaweka taa kali usiku mzima. Sikupata kitu. Sambaza wanafuata vidudu vinavyokuja kwenye mwangaza, njo maana usiku wa mbalamwezi hapa Kivu kazi ni mbaya, mwezi unaangaza kila mahali na taa yako haina nguvu. Walleye yeye giza ni rafiki yake. Nilimuambia baba mudogo, na yeye hakukasirika, alisema tu, "Basi huyo ni mutu mwingine, umufuate kwa tabia yake."

Tuliachana na taa tukafuata tabia. Kwa maji ya udongo nilitumia chambo ya chuma yenye rangi ya dhahabu ao ile yenye kuangaza gizani, unainua pima nusu unaiacha ianguke, mara tatu ine ili aione kutoka mbali, halafu unaiacha imesimama kabisa. Anaipiga ikiwa imesimama. Ukizidi kuichezesha anakuja anaangalia anaenda, samaki wa baridi hakimbizi. Ndoana kule Manitoba isikuwe na kale kamwiba ka kuzuia samaki kutoroka, ni sheria, kwa hiyo ukishamushika uzi usilegee hata kidogo. Dakika 20 bila kuguswa, hama. Hii ya kuhama njo ilinichukua wakati mrefu kukubali.

Na kuko mwingine, burbot, wao wanamuita pia mariah, murefu, anateleza, na kidevu chake kina kandevu kamoja. Watu wengi pale walikuwa wanamutupa. Mara ya kwanza nilipomuona nilifikiri kambare wa nyumbani na nikamupeleka kwa mama mumoja wa Kalemie, akamupika na nyanya, mafuta ya ngazi na pilipili, tukakula na bugali, nyumba nzima walinyamaza. Huyu anataga mayai kabisa chini ya barafu, mwezi wa 1 na wa 2, wakati viumbe vingine vyote vimelala. Kwa kweli nilimuheshimu.

Nilirudi Bukavu mwaka uliopita na zawadi niliyomuletea baba mudogo ni ile risasi yenye katundu ka sabuni. Nilimuletea pia koti, lakini koti alimupa mutoto wake. Risasi aliishika mukononi muda murefu, akaigeuza, akauliza sabuni ni ya aina gani, nikasema yoyote ngumu. Yeye havui tena usiku, magoti yanamusumbua, ila asubuhi anapenda kukaa mu pirogi karibu na ukingo.

Juma lililopita tulitoka naye pale Nguba, saa 12 asubuhi, ziwa limetulia. Akajaza sabuni ya kufulia, akashusha kamba mwenyewe. Mara ya kwanza risasi ilipanda imefungwa ndani ya sashe ya plastiki, zile zinazoteremka na mvua kutoka mujini. Akaitoa, akaikunja, akaiweka chini ya muguu wake ndani ya pirogi. Akashusha tena. Nikamuona anasimamisha kamba kati ya vidole viwili na kuangalia inaelekea wapi, vile nilikuwa namueleza kwa simu, halafu akaivuta polepole akihesabu kwa mikono, pima moja, pima mbili, pima tatu na mukono moja, akageuza risasi tuone sabuni. Muchanga.

"Hapa maji inatembea," akasema. "Lete ndoana."